PharmD (shahada ya ufamasia) ya miaka mitatu au minne hapa Marekani? Nimekubaliwa kote, naombeni ushauri

binti_muheza

Wakuu habari za jumapili. Naombeni mawazo yenu, hasa nyie mliosoma famasia hapa Marekani au mna ndugu waliopita huko, maana nimeshaongea na watu wa udahili wa vyuo vyenyewe na kila mmoja anavutia kwake.

Mimi nipo Ohio tangu 2017, nina grinikadi, sa hivi ni teknishani wa famasi kwenye moja ya haya makampuni makubwa. Masomo ya awali nimeyamaliza komyuniti koleji, kemia ogani, anatomia, maikrobaiolojia, takwimu, yote yamo. Nikaomba kupitia PharmCAS, ule mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya famasia, na nimekubaliwa vyuo viwili. Cha kwanza ni cha miaka mitatu, kipo jimbo jingine, mwendo wa kama masaa manne kwa gari, ni kuunganisha tu mwaka mzima mpaka unamaliza. Cha pili ni cha miaka minne, kipo karibu, naweza kuendelea kukaa hapahapa nilipo. Wote wanataka malipo ya kushika nafasi kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

Nina mtoto wa miaka minne, mume anafanya kazi usiku kwenye ghala, na mama yangu yupo Muheza, kila mwezi namtumia hela ya dawa za presha na matumizi, hiyo siwezi kuikata. Nina miaka 31 ndo maana roho inanivuta kwenye mitatu, nimalize mapema nianze kulipwa mapema. Mume anasema tujibane twende huko. Dada yangu mkubwa yupo Texas yeye anasema nisithubutu na mtoto mdogo.

Sasa nauliza, tofauti ya kweli ni nini? Kwenye mitatu masomo yamepunguzwa? Na waajiri wakiona ulisoma mitatu wanakuchukuliaje?

---

mzee_wa_dozi

Dada hongera kwanza, kukubaliwa kote si kitu kidogo. Mimi nimesoma ya miaka mitatu, sa hivi nipo hospitali Pennsylvania.

Nianze na hilo la masomo kupunguzwa maana ndo watu wengi wanalielewa vibaya. Hakuna kilichopunguzwa. Vyuo vyote vya PharmD vinapewa ithibati na ACPE na ACPE hawana kiwango cha mitatu na kingine cha minne, kiwango ni kimoja. Mtaala uwe na uzito wa miaka minne ya masomo, mazoezi ya mwanzo yasipungue masaa 300, na rotesheni za mwisho zisipungue masaa 1,440, yaani wiki 36 upo kazini kama mfamasia chini ya uangalizi. Wanachofanya hawa wa mitatu ni kufuta likizo. Ile miezi ya kiangazi ambayo mwenzako wa minne anafanya kazi au yupo na watoto, wewe upo darasani. Mwisho mnafanya NAPLEX ileile, yaani mtihani wa taifa wa leseni, na mtihani wa sheria wa jimbo, mnapata leseni ileile, na kwenye leseni hakuna palipoandikwa ulisoma miaka mingapi. Kwenye usaili mimi walichoniuliza ni rotesheni nilizofanya na kama najua mfumo wa kompyuta wanaotumia.

Na wala si vyuo vya uchochoroni. University of the Pacific kule Stockton, Midwestern ya Glendale Arizona, Roseman ya Nevada na Utah, University of Maryland Eastern Shore, MCPHS kampasi ya Worcester, hao wote wana mitatu. LECOM ndo wanakuonyesha vizuri zaidi, kampasi ya Erie wanafundisha kwa miaka mitatu na ya Bradenton Florida kwa minne, chuo kimoja digrii moja.

Sasa maisha yenyewe. Wiki ya kawaida ilikuwa hivi, jumatatu mtihani wa famakolojia, jumatano maabara ya kuchanganya dawa, ijumaa mtihani wa mahesabu ya dozi, na jumatatu inayofuata mwingine unakusubiri. Leo mmeanza presha, unapambana kutenganisha lisinopril na losartan na amlodipine, ipi inaleta kikohozi, ipi inavimbisha miguu, ipi mjamzito haruhusiwi, kabla hazijakaa kichwani mmeshahamia kisukari na insulini zake, ipi inaanza kufanya kazi dakika kumi na tano ipi inakaa siku nzima. Ukiugua wiki moja, ile wiki inakufuata mpaka mwisho wa semista. Mimi sikuwa na mtoto, mke alikuwa anafanya kazi, na bado niliweza shifti moja tu ya jumamosi, mwaka wa pili nikaiacha kabisa. Kama mpango wako unategemea ufanye kazi masaa ishirini kwa wiki ili hela ya mama iende, kwenye mitatu hilo halitawezekana na nakwambia mapema.

Alafu uliza wanafundishaje, usichukulie kwamba mitatu yote inafanana. Roseman wanakwenda somo moja kwa wakati, na kufaulu ni asilimia 90, usipofika unapimwa tena. Wengine wanakupangia masomo matano sita kwa mpigo. Kuna watu wa aina ya kwanza na kuna watu wa aina ya pili, wewe mwenyewe unajijua unasomaje.

---

kipepeo_kigoma

Mitatu dada usifikirie mara mbili. Mshahara wa kati wa mfamasia Marekani kwa takwimu za serikali za Mei 2024 ni dola 137,480 kwa mwaka. Ukichelewa mwaka mmoja hiyo hela umeiacha mezani, toa kodi toa kila kitu bado ni hela ambayo mama Muheza anajengewa nyumba. Mtoto wa miaka minne hatakumbuka kwamba mama alikuwa bize. Jibane, maliza, pumzika ukiwa na leseni mkononi.

---

mama_tausi

@kipepeo_kigoma mtoto anakumbuka, mimi wangu alikuwa wa miaka mitano na anakumbuka mpaka leo nani alikuwa anamchukua shule. Lakini tuliache hilo.

Mimi ni wa miaka minne na nazungumzia kitu kimoja tu, viangazi. Watu wanaviona kama muda uliopotea. Kiangazi cha kwanza na cha pili nilifanya kazi kama intani kwenye famasi ya hospitali na kliniki yake ya dawa za kuzuia damu kuganda, nilikuwa nalipwa, kidogo lakini zaidi ya teknishani, na hapo ndo nilipojifunza kazi.

Kulikuwa na mzee wetu mmoja wa Bukavu, anatumia warfarin, moja ya dawa hizo, INR yake (kipimo cha muda damu inaochukua kuganda) inapanda inashuka kila akija, dozi imebadilishwa mara kadhaa na kwenye faili wameandika mgonjwa hafuati maelekezo. Mzee alikuwa anafuata, vidonge vyake anavipanga kwenye kile kiboksi cha siku saba na hakosi hata kimoja. Walimuuliza kupitia mkalimani wa simu kama anakula mboga za majani, akasema ndiyo, wakaandika ndiyo. Basi siku hiyo mwangalizi wangu akaniambia kaa naye muongee. Nikamuuliza, baba, sombe (majani ya muhogo) mnakula siku gani? Akasema jumamosi na jumapili binti yake akija kupika, sufuria kubwa, wanakula mpaka jumapili usiku. Jumatatu mpaka ijumaa yupo peke yake, mkate na chai, labda na yai. Sasa majani yale yana vitamini K nyingi inayopunguza nguvu ya warfarin, kwahiyo akipimwa mwanzo wa wiki INR ipo chini wanaongeza dozi, akimaliza wiki nzima hajagusa majani inapanda mpaka wanaogopa atavuja damu wanapunguza. Hatukumkataza sombe. Tulimwomba binti agawe kwenye vibakuli aweke friza, ale kidogo kidogo kila siku, dozi ikapangwa kufuatana na hiyo. Ikatulia.

Vitamini K nilifundishwa darasani kama kila mtu. Kuuliza siku gani nilijifunza pale, kwa sababu nilikuwa na muda wa kuwepo pale. Wa mitatu naye ana masaa yake ya rotesheni, sisemi hajui, ila mimi nilipofika rotesheni za mwisho nilikuwa si mgeni tena na wale walionijua kiangazi ndo walioniandikia barua za residensi, yale mafunzo ya ziada baada ya kuhitimu. Maombi ya residensi yanafungwa mwanzoni mwa januari na majibu yanatoka machi, kwahiyo desemba unapaswa uwe na watu watatu wanaokufahamu kweli. Hakuna kanuni inayomzuia wa mitatu na wapo wanaopata, ila ana nafasi chache za kujulikana.

Na usisahau soko lenyewe. Rite Aid wamefunga maduka yote 2025, Walgreens walitangaza oktoba 2024 kwamba watafunga kama 1,200 ndani ya miaka mitatu. Kazi zipo, hospitali zinaajiri, lakini ile ya kumaliza chuo na kuokotwa na duka lolote kona ya barabara imepungua. Uzoefu una uzito sasa kuliko nilipomaliza mimi.

---

hesabu_kwanza

Salamu kwenu nyote. Naona mmeongea likizo, mmeongea mshahara, lakini pesa ya kusomea yenyewe mmeiruka na mwaka huu ndiyo inayoamua, kwa hivyo dada naomba usome hii polepole.

Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imebadilisha mikopo ya serikali kwa yeyote atakayeanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026. Zamani ulikuwa unachukua mkopo wa kawaida halafu pengo lililobaki linajazwa na Grad PLUS mpaka gharama yote iliyothibitishwa na chuo. Grad PLUS kwa mkopaji mpya haipo tena. Mwanafunzi wa shahada za kitaaluma, na PharmD imo kwenye kundi hilo, sasa mwisho wake ni dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Waliokwisha kuanza na kukopa kabla ya tarehe hiyo wamepewa kipindi cha mpito, wewe unaanza Agosti, hicho hukipati.

Sasa angalia vile hiyo inagonga hii mitatu. Miaka minne mara 50,000 ni 200,000, umetumia kiwango chote ukihitaji. Miaka mitatu mara 50,000 ni 150,000. Na chuo cha mitatu mara nyingi kinachukua karo ya miaka minne kinaibana kwenye mitatu, kwa hivyo hata kama jumla ni ndogo, bili ya mwaka mmoja ni kubwa. Tuseme karo ni 52,000, nyumba, chakula, bima na gari ni 26,000, hiyo ni 78,000 kwa mwaka. Serikali inakupa 50,000. Hizo 28,000 zinatoka wapi kila mwaka, na umeambiwa hapo juu kwamba kazi hutaweza kufanya? Ni mkopo wa benki za binafsi. Benki inataka mdhamini mwenye historia nzuri ya mkopo, na sisi wageni wengi hatuna mjomba wa kutuwekea saini. Halafu mkopo wa binafsi hauingii kwenye ule mpango wa kusamehewa baada ya malipo 120 ukifanya kazi hospitali isiyo ya faida, ule ni wa mikopo ya serikali pekee.

Riba nayo, mikopo ya serikali ya ngazi hii kwa mwaka wa 2025-26 ni asilimia 7.94 na inaanza kuhesabiwa siku pesa inapotoka, si siku unapohitimu. Hapo mitatu inakusaidia kidogo, mwaka mmoja wa riba umeukwepa, nasema ili tuwe wa haki.

Kwa hivyo usilinganishe jumla ya mitatu na jumla ya minne peke yake. Chukua bili ya mwaka mmoja ya kila chuo, toa 50,000, toa udhamini waliokupa, uone kinachobaki utakitoa mfuko gani. Kama kinachobaki ni sifuri au kidogo, nenda mitatu kwa amani. Kama kinabaki kikubwa, hesabu ya @kipepeo_kigoma ya mshahara wa mwaka wa nne haikusaidii kwa sababu utakwama mwaka wa pili.

Na kwa wanaosoma hapa wakiwa na viza ya mwanafunzi ya F-1, hii mikopo ya serikali hamna kabisa, msije mkapiga hesabu nayo.

---

binti_muheza

Asanteni sana jamani, @hesabu_kwanza Mungu akubariki, hii ya kikomo cha 50,000 hakuna aliyenieleza, mtu wa udahili wa kile cha mitatu aliniambia tu usijali mikopo inafunika kila kitu.

Nimefungua barua zote mbili nimekaa na mume mezani. Cha mitatu ada na michango ni kama 46,000 kwa mwaka, na maisha kule, kodi ya nyumba, dei kea ya mtoto, bima, chakula, tumeweka 30,000 kwa kubana kabisa. Hiyo ni 76,000. Udhamini wamenipa 4,000. Kwahiyo pengo ni 22,000 kila mwaka. Cha minne ada ni 31,000, na hapa tunaishi kwa mshahara wa mume na shangazi yake anakaa na mtoto bure, kwahiyo kwa kweli nakopa ada na kidogo cha vitabu na usafiri, tuseme 36,000. Kwa minne ni 144,000 na kule kwa mitatu ningekuwa na 150,000 ya serikali na juu yake 66,000 ya benki.

Sikuwahi kuiona hivyo. Nilikuwa naona tu mitatu ni ndogo kuliko minne.

Mume bado anauliza, je akitangulia kutafuta kazi kule? Maghala yapo kila mahali.

---

kipepeo_kigoma

Kwa namba hizo dada nakubali, mimi niliwaza mtu asiyehama nyumba. Pengo la 22,000 kila mwaka ni mzigo. Mume akipata kazi kule pengo linapungua, lakini shangazi wa kukaa na mtoto hamtahama naye.

---

mwanaisha_mn

Assalam aleikum. Nipo Minneapolis, si mfamasia ila nafanya kazi ofisi ya wanafunzi kwenye chuo kimoja cha afya kwa hiyo mambo haya nayaona kila siku, nami nataka kuongezea jambo moja ambalo halijaguswa, nalo ni la kuanguka somo.

Rafiki yangu alikuwa kwenye programu ya mitatu, jimbo jingine, jina la chuo naliacha. Mwanafunzi mzuri sana. Mwaka wa pili babake akafariki Malindi, akaenda maziko, akarudi akakuta mitihani miwili imempita na somo moja la tiba akalikosa kwa alama chache. Sasa kwenye programu hizi somo hutolewa mara moja kwa mwaka, na hakuna kiangazi cha kulirudia kwa sababu kiangazi ndicho semista yenyewe. Akaambiwa asubiri kundi linalofuata. Akakaa karibu mwaka mzima analipa kodi ya nyumba, hana darasa, mkopo umesimama. Akamaliza vizuri, alhamdulillahi, lakini alimaliza kwa miaka minne na kwa gharama kubwa kuliko ya minne. Kwenye minne si kwamba hakuna kurudi nyuma, lakini baadhi ya vyuo vina nafasi ya kurudia somo kiangazi ukaendelea na wenzako.

Kwa hiyo dadangu, chuo chochote utakachochagua, waulize maswali mawili kwa maandishi. Kwanza, katika kundi lililohitimu karibuni, asilimia ngapi walimaliza kwa muda uliopangwa? Hiyo namba vyuo vinatakiwa kuiweka wazi, iko kwenye tovuti zao ukitafuta. Pili, nikikosa somo moja kinatokea nini, narudia lini na nalipa nini? Wakikuzungusha kwenye swali la pili, hilo nalo ni jibu.

Halafu nenda tovuti ya NABP, chama cha bodi za famasia, wanatoa kila mwaka orodha ya ufaulu wa NAPLEX chuo kwa chuo. Tazama wale wanaofaulu mara ya kwanza, si jumla. Wastani wa taifa wa mara ya kwanza ulikuwa chini ya asilimia 80 mwaka 2023 na 2024, kwa hiyo chuo kilicho juu ya hapo kwa miaka kadhaa mfululizo kina kitu kinachofanya vizuri. Utakuta vya mitatu vilivyo juu na vya minne vilivyo chini kabisa, kwa hiyo urefu wa programu peke yake haukuambii.

---

juma_temeke

Samahani wakuu naingilia kidogo. Mdogo wangu amemaliza B.Pharm Dar, miaka minne, na mwaka mmoja wa intanshipu, tayari amesajiliwa na Baraza la Famasi. Amepata viza ya bahati nasibu anakuja mwaka huu. Naye aanze hizi PharmD au anaweza kufanya mtihani tu aanze kazi?

---

mzee_wa_dozi

@juma_temeke hapa inabidi nikwambie habari ngumu. Wafamasia waliosoma nje wanapita kwa NABP, wanaita FPGEC, unahakikiwa vyeti, unafanya TOEFL ya Kiingereza na mtihani wa famasia wa FPGEE, ukipata hicho cheti ndo unakwenda kwenye masaa ya intani na NAPLEX kama wengine. Lakini sharti lao ni kwamba aliyehitimu kuanzia Januari 1, 2003 awe amesoma mtaala usiopungua miaka mitano. B.Pharm yetu Tanzania ni minne, na ile intanshipu inakuja baada ya kuhitimu, si sehemu ya mtaala. Wenzetu wa University of Nairobi B.Pharm yao ni mitano ndo maana unakuta Wakenya wamepita njia hiyo na Watanzania wa miaka ileile wamekwama.

Nimeona watu wazima wenye miaka kumi ya kazi Muhimbili wanashika nafasi ya teknishani kwa sababu ya huo mwaka mmoja, inaniuma sana. Mdogo wako ana njia. Baadhi ya vyuo vina PharmD maalumu kwa waliosoma famasia nje, wanakuhesabia sehemu ya ulichosoma unaingia mwaka wa mbele. Atafute hizo kwanza kabla ya kuanza mwanzo kabisa. Na aje na hati za matokeo zilizofungwa na muhtasari wa kila somo zikiwa na muhuri wa chuo, kuzifuatilia ukiwa huku ni kazi ya miezi.

---

juma_temeke

Asante sana mkuu, bora nimeuliza kabla hajapanda ndege. Nampigia leo hii aanze na hizo hati.

---

binti_muheza

Jamani nimefuatilia kama mlivyonielekeza. Nimeandikia vyuo vyote barua pepe jumatatu. Cha minne walijibu kesho yake, wakanipa asilimia ya waliomaliza kwa wakati na wakanieleza kwamba masomo mawili matatu ya mwaka wa kwanza unaweza kuyarudia kiangazi. Cha mitatu walinijibu kwamba sera zote zipo kwenye kitabu cha mwanafunzi ambacho nitapewa nikishalipa. Nimeingia NABP pia, NAPLEX cha minne kipo juu kidogo ya mwenzake kwa miaka mitatu mfululizo.

Mume ameelewa. Tunabaki hapa, nakwenda minne. Dada yangu wa Texas amefurahi sana.

Sasa nina maswali mawili ya mwisho. Moja, @mama_tausi hiyo kazi ya intani niipateje, nitaanza kutafuta lini? Mbili, kuna mtu aliwahi kuomba aongezewe udhamini akapewa? Naogopa kuomba wasije wakaninyang'anya na nafasi.

---

mama_tausi

Hongera mdogo wangu. La intani, ukishaanza masomo unaomba leseni ya intani kwa bodi ya famasia ya Ohio, chuo kitawaelekeza wote wiki za mwanzo. Usiache kazi ya sasa. Mwambie meneja wako mapema kwamba agosti unaanza shule na unataka ubadilishwe kuwa intani leseni ikitoka, makampuni makubwa yanapenda hivyo maana tayari unaijua kazi na ratiba wanakupangia wikiendi. Hiyo itabeba hela ya mama. Ila kiangazi cha kwanza toka hapo uende hospitali, hata kama malipo yanalingana. Hospitali zinatangaza nafasi za intani kuanzia januari au februari, ukisubiri mei zimeisha. Na semista ya kwanza usizidi shifti moja kwa wiki mpaka uone mitihani ikoje.

---

mwanaisha_mn

La udhamini, omba. Hakuna anayenyang'anywa nafasi kwa kuomba, mimi nipo ofisi hizo. Waombaji wa famasia wamepungua sana nchi nzima ukilinganisha na miaka kumi iliyopita na vyuo vinagombea wanafunzi, wewe uliyemaliza masomo ya awali kwa alama nzuri na una uzoefu wa famasi ni mtu wanayemtaka. Andika kwa ofisi ya udahili, nakala kwa ofisi ya fedha, nusu ukurasa tu. Taja kwamba umekubaliwa chuo kingine na kiasi walichokupa, ambatisha barua yao, eleza kwamba chaguo lako la kwanza ni wao na kwamba kikomo kipya cha mikopo kimekubana, halafu taja kiasi unachoomba, usiseme chochote mtakachoweza. Waombe wakujibu wiki mbili kabla ya tarehe ya kulipa. Wasipojibu piga simu, na ukipata hata 3,000 kwa mwaka uliza kama ni ya mwaka wa kwanza tu au inaendelea miaka yote minne, maana nyingi zina sharti la alama na watu hawasomi mpaka imeshakatwa.

---

binti_muheza

Naandika usiku huu mtoto akilala. Nitaleta majibu hapahapa.